Sheria za Masta Tunazo, Tuzitumie

Barua ya wazi kwa kamati za maandalizi ya mashindano ya kuogelea ya masta, Dar es Salaam

Ndugu wenyeviti, makatibu na wajumbe wa kamati,



Mimi ni mwogeleaji wa kundi la miaka 50 hadi 54 na mkazi wa Temeke. Nilishiriki mashindano ya masta, yaani ya watu wazima, hapa jijini msimu uliopita, na tangu tulipotawanyika wenzangu wamekuwa wakinipigia simu kuzungumzia mambo yaleyale. Tumekubaliana kwamba kunung'unika pembeni hakumsaidii mtu, na kwamba ni vema yasemwe hadharani kwa adabu, ili kila anayepanga mashindano ya namna hii ayasikie.

Kabla ya yote, asanteni. Kuomba bwawa, kulipia waokoaji, kukodi spika na turubai, kutafuta vijana wa kushika saa na kuhakikisha maji ya kunywa hayaishi ni kazi ya wiki nyingi, na wengi wenu huifanya bila malipo. Tulioshindana tulirudi nyumbani salama. Hilo ndilo la kwanza katika mchezo wowote wa majini, na mlilisimamia.

Ninayoyaleta ni madogo. Hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Lakini mtu mzima hachezi kama mtoto wa shule anayepelekwa na mzazi na kusubiriwa getini. Mtu mzima ana duka, ana zamu, ana mgonjwa nyumbani, na uamuzi wa kurudi mwaka ujao anaufanya mwenyewe kwa kupima mambo madogo kama haya. Akiona hakupangiwa nafasi, haji tena, wala hatoi taarifa. Ninyi mtaona orodha ya washiriki imepungua na mtadhani Watanzania hawapendi kuogelea.

Jambo langu kubwa ni hili: sheria za masta zipo, zimeandikwa, na ziliandikwa kwa ajili ya miili na maisha kama yetu. Shirikisho la kuogelea la dunia, World Aquatics, lililoitwa FINA hadi Desemba 2022, limekuwa na mashindano ya dunia ya masta tangu yale ya Tokyo mwaka 1986. Katika miaka hiyo yote limejifunza mwogeleaji wa miaka 35, 58 au 72 anahitaji nini, na limeyaweka katika kanuni. Mashindano yetu yalitangazwa kuwa ya masta, lakini yaliendeshwa kwa kanuni za vijana wa miaka 16. Karibu kila nung'uniko lililonifikia limezaliwa hapo.

Nianze na kuruka majini. Kanuni za masta zinampa mwogeleaji uchaguzi wa njia tatu katika mitindo inayoanza kwa kuruka: aruke kutoka juu ya jukwaa la kuanzia, aruke kutoka ukingoni mwa bwawa, au aanze akiwa ndani ya maji, mkono mmoja umeshika ukuta, kisha ajisukume. Njia zote tatu ni halali na hakuna inayopunguza muda wala heshima ya mtu. Kwetu wengi tuliojifunza kuogelea ukubwani hii si anasa. Yupo mwenye goti lililofanyiwa upasuaji, yupo mwenye presha ambaye daktari amemkataza kuinama kichwa chini, yupo ambaye hajawahi kupanda jukwaa kwa sababu anapofanyia mazoezi hakuna jukwaa. Siku ile mwanzishaji alituamuru sote tupande. Mama mmoja aliyeomba kuanzia majini aliambiwa hiyo ni ya watoto. Alipanda, akaruka kwa tumbo, miwani ikamtoka, na mbio zake zikaishia hapo. Angeachwa aanze kama kanuni inavyomruhusu, angemaliza.

Hapohapo liko suala la kina cha maji, ambalo kati ya yote ninayoyasema ndilo linaloweza kumvunja mtu shingo. Kanuni za viwanja zinataka mahali penye majukwaa ya kurukia pawe na kina kisichopungua mita 1.35, kuanzia mita 1 hadi mita 6 kutoka ukutani. Mabwawa mengi ya mita 25 tunayotumia yalijengwa kwa ajili ya kufundishia watoto, yana upande wa kina na upande ambao maji yanamfika mtu mzima kiunoni. Katika mbio za mita 50 au 100 hakuna tatizo, kwa kuwa wote huanzia upande wa kina. Tatizo linakuja kwenye kupokezana mara nne mita 25: mwogeleaji wa pili na wa nne wanaanzia upande wa pili. Siku ile walikuwa wakiruka kichwa mbele kwenye maji ya kiunoni huku mashabiki wakiwashangilia. Naomba litolewe agizo moja lisilo na mjadala: upande wa kina kifupi, kila mtu anaanzia ndani ya maji. Likitangazwa kabla ya mbio na likaandikwa kwenye ubao pale ukingoni, limekwisha.

La pili ni bendera za waogeleaji wa chali. Anayeogelea chali haoni mbele. Macho yake yako angani, na kinachomwambia ukuta umekaribia ni ile kamba ya bendera iliyotundikwa mita 5 kutoka kila mwisho wa bwawa, kwenye kimo kisichopungua mita 1.8 juu ya maji. Anapoipita anahesabu mikono, minne au mitano kwa kadiri ya urefu wake, kisha anageuka au anamaliza. Mtu hufanya mazoezi ya hesabu hiyo mwaka mzima. Sisi tulikuta kamba upande mmoja tu, tena imefungwa kwenye nguzo ya turubai, ikiwa mbali na pale inapotakiwa kuwa. Matokeo yake wengine walipunguza kasi mapema kwa hofu, wakapoteza sekunde zao, na bwana mmoja alipigiza kisogo ukutani. Alisema hajaumia, lakini alikaa kivulini muda mrefu akijishika kichwa. Kamba mbili, vipande vya kitambaa cha rangi, nguzo nne na futi ya kupimia: hivyo ndivyo vinavyohitajika, na fundi wa mtaani anaweza kuvitengeneza kwa siku moja.

La tatu ni uamuzi wa mtindo wa kipepeo. Kwa vijana, miguu ya kipepeo lazima ipige pamoja kwa mtindo wa pomboo. Kwa masta, kanuni inaruhusu teke la chura katika kipepeo, teke moja kwa kila mvuto wa mikono. Ruhusa hiyo ipo kwa sababu viuno na migongo ya watu wazima haikunjiki kama ya watoto. Mwenzetu mmoja kutoka upande wa Kinondoni alijiandaa kwa mita 50 za kipepeo kwa miezi mingi, akamaliza, watu wakasimama kumpigia makofi, kisha jina lake likasomwa miongoni mwa walioenguliwa. Kosa alilotajiwa ni teke la chura. Alipojaribu kueleza, aliambiwa uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho. Simlaumu mwamuzi yule, maana alitumia sheria aliyofundishwa. Naomba tu kwamba kabla ya mashindano ya masta waamuzi wakae nusu saa na karatasi ya kanuni za masta. Haizidi kurasa chache, na mtu anayejua za vijana anahitaji kuonyeshwa tofauti tu.

La nne ni umri. Masta wanaanzia miaka 25, na kila kundi ni la miaka mitano: 25 hadi 29, 30 hadi 34, na kuendelea mpaka pale uhai wa mtu utakapofika. Umri unaohesabiwa ni ule mwogeleaji atakaokuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Kanuni hii inamfurahisha sana mtu wa masta, kwa sababu anapoingia mwaka wa kundi jipya yeye ndiye mdogo wao. Fomu zetu ziliuliza umri wa siku ya usajili. Dada mmoja anayetimiza miaka 60 mwezi Novemba aliwekwa na wa 55, akatoka wa nne. Muda wake ungemweka wa kwanza katika kundi lake halisi. Fomu iulize tarehe ya kuzaliwa, na mwenye kompyuta apange makundi mwenyewe.

Kwenye kupokezana umri nao una hesabu yake: inajumlishwa miaka ya wanne wote, kisha timu inawekwa kwenye kundi lake, kwa mfano la 120 hadi 159, la 160 hadi 199, la 200 hadi 239 na kuendelea. Hapo ndipo utamu wa mchezo wetu ulipo, maana timu inamtafuta mzee kwa bidii kama inavyomtafuta mwenye kasi. Siku ile timu zote ziliwekwa kapu moja. Wazee waliokuwa wamejumlisha zaidi ya miaka 200 walishindanishwa na vijana wa miaka 26, na medali zote zikaenda kwa vijana. Timu nyingine mbili za wazee zilizokuwa zimejiandikisha zilijitoa palepale zilipoona orodha.

Hata hivyo, kuchanganya umri majini si kosa. Kanuni zinaruhusu makundi ya umri yaunganishwe katika mbio moja ili mtu asilazimike kuogelea peke yake, na hapo watu wenye kasi inayokaribiana wanaweza kuogelea pamoja; makundi ya umri yanatenganishwa kwenye matokeo. Sisi tulipangwa kinyume. Majini tulitenganishwa kwa umri, na hivyo mzee wa miaka 70 aliogelea peke yake bwawa zima, akiwa hana wa kumfuata wala wa kumkimbia. Angewekwa leni ya jirani na binti wa miaka 30 mwenye muda kama wake, wote wawili wangefaidika, na ratiba ingeokoa dakika nyingi.

La tano ni saa na matokeo. Pasipo na mitambo ya kupima, kanuni inataka wapima muda watatu kwa kila leni. Saa mbili zikilingana, huo ndio muda rasmi. Zote tatu zikitofautiana, unachukuliwa wa katikati. Najua watu watatu kwa leni sita ni kumi na wanane, na kuwapata si rahisi. Lakini tulikuwa na saa moja kwa leni, na kijana mmoja alipochelewa kuibonyeza, muda uliandikwa kwa kukisia. Kijana huyo hana hatia; aliachiwa mzigo peke yake. Mkipata hata wawili kwa leni, kanuni inakubali wastani wa saa mbili. Waogeleaji wenyewe wanaweza kupangwa kushika saa katika mbio ambazo hawashiriki, ilimradi waambiwe mapema.

Kuhusu matokeo, wengi wetu tuliondoka bila kujua muda wetu. Mshindi alitangazwa, medali ikavishwa, wengine tukaambiwa yatatumwa. Jueni kwamba kwa masta muda ndio tuzo. Mtu anayemaliza wa tano amekuja kuangalia kama ameipita nafsi yake ya mwaka jana. Karatasi iliyobandikwa ukutani kila baada ya mbio chache, ikiwa na majina yote na muda wa kila mmoja hadi wa mwisho, ingetutosha kuliko medali.

La sita ni kutoka majini. Wa kwanza walipogusa ukuta, wasaidizi walianza kuwahimiza watoke ili wengine wapande. Pembeni leni mbili zilikuwa bado na watu. Kanuni za masta zinawaruhusu waliomaliza wapumzike kwenye leni zao wakati wengine wanaendelea, mpaka mwamuzi atakapowaambia watoke. Moyo wa mtu wa miaka 60 aliyetoka kuogelea mita 100 kwa nguvu zake zote unahitaji dakika hiyo moja. Isitoshe, si kila mtu anaweza kujivuta kwa mikono hadi juu ya ukingo. Naomba ngazi zisizibwe na viti vya wageni, na yule anayezihitaji aruhusiwe kupita chini ya kamba za leni kuzifikia bila kuonekana anachelewesha shughuli.

La saba ni muda wa siku yenyewe, na hapa nazungumza kama mtu wa Temeke. Mabwawa yenye vipimo vya mashindano yamekusanyika kwenye shule na klabu za Masaki, Upanga na ukanda wa Mbezi Beach. Anayetoka Mbagala, Chamazi au Tandika hubadilisha daladala zaidi ya moja, na wa Kigamboni anasubiri pantoni. Tuliambiwa kupasha mwili ni saa moja asubuhi, kwa hiyo watu walitoka majumbani baada ya alfajiri, wengine bila kifungua kinywa. Mbio ya kwanza ilianza saa tatu na nusu. Baada ya hapo ikaja haraka ya kufidia: mapumziko yakafutwa, mbio zikaunganishwa, na watu wakajikuta wanaitwa mara mbili ndani ya dakika kumi. Mita 400, iliyokuwa ya pili kwenye ratiba, ilisogezwa hadi saa saba mchana.

Wanaolijua jua la Dar wataelewa. Kanuni zinataka maji ya mashindano yawe kati ya nyuzi 25 na 28. Bwawa la wazi katika jiji letu, miezi ya joto, hupita hapo mchana bila shida, na mwogeleaji ndani ya maji ya moto anatoka jasho asilolihisi. Mbio ndefu ziwe za kwanza asubuhi, hata kama wageni wa heshima hawajafika. Na ratiba ioneshe saa ya kukadiria kwa kila mbio, ili anayeogelea mchana tu afungue kwanza kibanda chake, na anayeogelea asubuhi arudi kazini kwake. Kama mnachelewa, semeni kwenye spika mnachelewa kwa muda gani. Mtu mzima akiambiwa ukweli husubiri bila kinyongo.

Huko kupasha mwili nako kunahitaji mtu wa kusimamia. Leni zote zilikuwa za wote. Vijana wenye kasi waliruka juu ya waliokuwa wanaogelea taratibu, na mama zetu wawili walitoka majini wakasema wamepasha vya kutosha. Leni mbili za taratibu, mbili za kasi, moja ya kurukia inayokwenda upande mmoja tu, na mtu mwenye filimbi: utaratibu huo unajulikana kila mahali.

La nane linawahusu zaidi wanawake, na nimeombwa nisiliache. Pwani yetu ina wanawake wengi ambao wangependa kuogelea na hawatavaa vazi la kawaida la mashindano mbele ya watu. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje ulianza mwaka 2011 kuwafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, na umetoa hadi wakufunzi wa kike. Uingereza, mwaka 2017, chama cha kuogelea kiliruhusu mavazi hayo kwenye mashindano yake ya ndani kwa sababu za dini au afya. Kwetu fomu ilikaa kimya, na dada mmoja aliyekuja na vazi lake alisubiri ukingoni huku waamuzi wakijadiliana kama aruhusiwe. Aliruhusiwa, nawapongeza, ila kujadiliwa hadharani kulimwondolea hamu. Liandikwe kwenye fomu mstari mmoja kwamba vazi la staha linaruhusiwa. Na chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake kiwe na mlango unaofungwa, taa na sehemu ya kutundika nguo, kwa kuwa sakafu ilikuwa imejaa maji.

La mwisho ni lugha. Amri ya kuanzia mbio katika Olimpiki na mashindano ya dunia ni ya Kiingereza, na tumeizoea. Lakini maelekezo mengine yote, nani ajipange wapi, mbio gani imeahirishwa, nani ameenguliwa na kwa nini, yalitolewa kwa Kiingereza. Miongoni mwa washiriki wetu wamo wavuvi wa zamani, walinzi, mafundi na wauguzi waliostaafu. Wapo waliokosa mbio walizolipia kwa sababu hawakuelewa kilichosemwa kwenye spika. Mgeni asiyejua Kiswahili atafsiriwe. Mwenyeji asiwe mgeni kwao.

Ndugu wanakamati, mtaniuliza kwa nini nishikilie haya ilhali nchi haina hata mabwawa ya kutosha. Nalijua hilo. Temeke ina Uwanja wa Benjamin Mkapa unaoingiza watu 60,000, lakini mtoto wa Temeke anayetaka bwawa la kujifunzia kuogelea anavuka jiji. Wenzetu wa Nairobi wana bwawa la mita 50 pale Kasarani tangu Michezo ya Afrika ya 1987. Kudai mabwawa ya umma ni lazima, na waliopewa dhamana ya michezo nitawaandikia kwa wakati wake. Lakini bwawa jipya linasubiri bajeti. Kamba ya bendera haisubiri. Na siku tutakapokwenda kudai bwawa, tutaulizwa waogeleaji wako wapi. Jibu letu litakuwa idadi ya watu tuliowashika au tuliowapoteza katika mashindano haya tunayoyaita madogo.

Fikirini pia mwogeleaji mtu mzima anabeba nini. Magdalena Moshi ametuwakilisha Olimpiki tatu, 2008, 2012 na 2016. Hilal Hemed Hilal alikwenda Rio, na Collins Saliboko na Sophia Latiff walikwenda Paris 2024. Watoto wa kufuata nyayo zao wanahitaji nyumba ambazo kuogelea si jambo la ajabu. Mzazi anayeogelea hamkatazi mwanawe maji. Anamfundisha namna ya kuyaheshimu. Taifa hili limezika watu wa vyombo vya majini vilivyozama: MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011 na MV Nyerere mwaka 2018. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Sisemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote. Nasema kila mtu mzima anayeyazoea maji anayarudisha maarifa hayo nyumbani, mtaani na ufukweni Kigamboni siku ya sikukuu, ambako mara nyingi hakuna mwokoaji.

Tena hakuna umri wa kukata tamaa. Mieko Nagaoka wa Japani alianza kuogelea katika miaka yake ya 80, akitibu goti. Mwaka 2015, akiwa na miaka 100, alimaliza mita 1,500 kwa muda wa saa moja na dakika 15 na ushee, wa kwanza wa umri huo duniani. Angekuja kwetu na kuamriwa apande jukwaa, aogelee peke yake saa saba mchana na kutoka majini mbio, sidhani kama angerudi. Wapo akina Nagaoka wa Mtoni Kijichi, wa Tandale na wa Kawe ambao bado hawajaanza, na watakaposikia habari za mashindano yetu, wataamua kwa yale watakayosimuliwa na sisi tuliokwenda.

Kwa hiyo naomba mambo manne kabla ya msimu ujao. Kwanza, chapisheni kanuni za masta kwa Kiswahili, kurasa chache, zigawiwe pamoja na fomu ya usajili. Pili, waamuzi na wanzishaji wapewe kikao kifupi cha kanuni hizo. Tatu, siku moja kabla ya mashindano bwawa likaguliwe kwa orodha: kina, bendera, ngazi, leni za kupashia mwili, vyumba vya kubadilishia nguo. Nne, baada ya mashindano itisheni kikao cha tathmini na mtuite waogeleaji wawili watatu kutoka kila wilaya, wakiwemo wanawake.

Kwa upande wetu hatuji mikono mitupu. Wenzangu wa Temeke na Kinondoni wamekubali kushona kamba mbili za bendera na kuzikabidhi kwa kamati itakayozihitaji. Kanuni tumeshaanza kuzitafsiri, na rasimu itakuwa tayari kabla ya fomu zenu kutoka. Na katika kila mbio ambayo mimi mwenyewe siogelei, niandikeni jina miongoni mwa washika saa. Nitafika saa mtakayoitaja.

Wenu katika michezo,

Mwogeleaji wa masta,
Temeke, Dar es Salaam